Jembe la Siku ya Tatu

Panda matatu ya Kitale kwenda Bungoma, keti kando ya mtu anayependa stori, halafu uhesabu. Kabla mfike Kiminini atakuwa amekuuliza jina la pili. Kabla mfike Webuye atakuwa ameuliza, "Na kwenu haswa ni wapi?" Uzito wote uko kwenye hilo "haswa". Anachotaka kujua si mahali unapolala. Anataka kujua watu wenu wamezikwa wapi.

Mimi nina majibu mawili. Nikiwa Kitale nasema Bungoma. Nikiwa Bungoma nasema Kitale. Yote mawili ni ya kweli na hakuna linalomridhisha anayeuliza. Kuka, yaani babu yangu, alitoka Kimilili akiwa kijana akaenda kufanya kazi kwenye shamba la mzungu Trans Nzoia. Papa alizaliwa huko. Mimi nilizaliwa huko. Hesabu vizazi hivyo halafu uniambie ni kipi kilichoacha kuwa mgeni.

Siku hizi nafanya kazi Bungoma mjini, na swali hilo naulizwa karibu kila wiki. Kila nikilifikiria najikuta nimefika mahali ambapo sikuwahi kuishi, lakini ambapo nilijifunza kuuliza swali hilo vibaya. Mahali penyewe ni Kipsongo.

Kama hujawahi kufika Kitale, nikueleze. Kitale ni mji wa mahindi. Trans Nzoia inaitwa ghala la nafaka la Kenya, na msimu wa kuvuna ukifika, trekta zinavuta mabehewa ya magunia hadi unashindwa kuvuka barabara. Mwendo mfupi wa boda kutoka katikati ya mji huo kuna Kipsongo, ambako kwa miaka mingi watu wengi wao Waturkana wamelala kwenye vibanda vya mviringo vilivyofungwa kwa fito, vikafunikwa nailoni, magunia na nguo kuukuu. Umbo la kibanda ni lile la nyumba za ufugaji kule kaskazini. Tofauti ni kwamba ngozi na makuti yameondoka, zimebaki karatasi za nailoni. Na Kitale iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Usiku wa Julai hapo si wa kulala chini ya nailoni.

Walifikaje? Kwa njaa na kwa bunduki. Mwaka 1979 Idi Amin alipopinduliwa, ghala la silaha la kambi ya Moroto nchini Uganda liliporwa, na wizi wa mifugo uliokuwa wa mikuki ukawa wa risasi. Wakati huo huo ukame na magonjwa ya mifugo viliipiga Turkana. Waturkana wenyewe waliiita njaa ya 1979 hadi 1981 Lopiar, jina lenye maana ya kufagia, kwa sababu ilifagia kila kitu. Mfugaji asiye na mifugo ni kama mkulima aliyenyang'anywa udongo. Walio na miguu walifuata barabara ya kusini, zaidi ya kilomita mia mbili, hadi pale ambapo mahindi yalionekana. Si wote wa Kipsongo walikuja mwaka ule, wengine walitangulia na wengine wamefuata kila ukame na kila uvamizi, lakini sababu zilikuwa hizo hizo.

Mmoja wao alikuwa mama aliyekuja kufanya kibarua kwetu upande wa Saboti. Trekta ilikuwa inawachukua alfajiri mjini, inawagawa mashambani. Alipalilia, alivuna, alipukuchua. Sisi watoto tulimwita Nyanya, kwa sababu ukishabebwa mgongoni na mtu huwezi kumwita "wewe". Mama yangu alimlipa kwa gorogoro za mahindi, mara nyingine kwa pesa. Mchana alipewa chai na viazi kama wafanyakazi wengine. Lakini kulikuwa na kikombe chake. Kilikuwa cha bati, cheupe, kimebanduka rangi ukingoni, na hakikuingia jikoni. Kilikaa nje kwenye ukingo wa ghala. Hakuna aliyewahi kunielezea kwa nini. Hakuna aliyehitaji.

Na kila jioni trekta ilipoondoka, papa alisema neno moja: "Hawa watu mvua ikinyesha kwao watarudi."

Nilikulia ndani ya sentensi hiyo. Mvua ilinyesha Turkana mara nyingi. Hawakurudi. Warudi kwa ng'ombe gani?

Sasa ngoja nikurudishe kwa kuka, maana hapa ndipo aibu yangu inapoanzia.

Wazungu walipoanza kugawiwa Trans Nzoia, hasa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakati wanajeshi Waingereza walipopewa mashamba, kulikuwa tayari na watu na mifugo hapo. Sheria ya ardhi ya 1915 iliwapa walowezi mikataba ya miaka 999. Yaani mtu aliyeshuka kwenye meli jana alipewa karatasi inayosema hatakuwa mgeni hadi karne ya thelathini. Sheria nyingine ya 1918 ilisema Mwafrika anaweza kuishi kwenye shamba hilo hilo kwa sharti la kumfanyia mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Huyo aliitwa skwota. Alilima, akafuga wachache, akazaa, akazeeka, na siku mzungu aliposema inatosha, akaondoka. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, mahindi yaliyobebwa na magari yale yalikuwa na jasho la skwota kutoka pande nyingi, wakiwemo Wabukusu kutoka Kimilili.

Kuka alikuwa mmoja wao, miaka ya baadaye. Alipokuwa anatusimulia hakutumia neno "skwota" kwa uchungu sana. Alitumia methali. "Mgeni siku mbili," alikuwa anasema, halafu anacheka, "mimi mzungu alinipa jembe siku ya kwanza."

Unaijua methali. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mashuleni tunafundishwa kwamba inakemea uvivu: usikae kwa watu ukila bure. Na wengi tunaishia hapo. Lakini itazame tena. Methali haisemi siku ya tatu mfukuze. Haisemi siku ya tatu muulize kwao haswa ni wapi. Inasema mpe jembe. Na jembe katika nyumba ya mkulima si adhabu. Nikikupa jembe maana yake kuna shamba la kulima, kuna mavuno yanayokuja, na utakula kwa haki yako. Huli tena kwa huruma yangu. Siku mbili za kwanza unakula kwa sababu mimi ni mkarimu. Kuanzia siku ya tatu unakula kwa sababu umelima. Methali hiyo inaeleza jinsi mgeni anavyoacha kuwa mgeni.

Kwa hiyo jembe lina pande mbili. Upande mmoja ni wajibu, upande wa pili ni fungu. Mzungu alimpa kuka upande mmoja tu. Alimpa jembe bila siku ya nne. Na sisi, baada ya uhuru, kuka alipofanikiwa kununua ekari zake chache kupitia kikundi cha watu waliochanga, tulimfanyia Nyanya yale yale. Jembe tulimpa, tena asubuhi na mapema. Fungu hatukumpa. Kikombe tulikiweka nje.

Mtu anaweza kuniambia: lakini ninyi mlimlipa. Ni kweli. Malipo ya kibarua ni haki, na aliyelipwa hawezi kudai shamba la jirani yangu kwa kulipalilia. Sidai hivyo. Ninachouliza ni kitu kingine. Mji mzima unapoishi kwa mikono ya watu kwa miaka arobaini, je, mji huo una haki ya kuendelea kuwaita wapita njia? Mwenye shamba mmoja anaweza kusema amelipa deni lake. Mji hauwezi. Mji haulipi kibarua. Mji unalipa kwa maji, choo, njia, nafasi ya shule, na mahali pa kulala ambapo hapataondolewa usiku. Hayo ndiyo mafungu ya mji, na ndiyo Kipsongo iliyokosa.

Halafu ikaja zamu yetu.

Kwa familia yetu haikuwa mara ya kwanza. Mwishoni mwa 1991 na mwaka 1992, siasa za vyama vingi zilipoanza, mapigano yalipita Trans Nzoia, Mlima Elgon na Bungoma, na watu kama papa waliambiwa warudi kwao. Alikuwa hajawahi kuishi huko "kwao". Alikimbilia Kimilili kwa jamaa na mama yangu mja mzito wa kakangu. Jamaa waliwapokea vizuri. Siku ya tatu mama akapewa jembe, kwa furaha kabisa, kama mmoja wao. Lakini miezi ilivyozidi, shamba likaonekana dogo, na jina likabadilika. Wakaitwa "watu wa Kitale". Papa anasema hilo lilimuuma kuliko mishale. Saboti yeye ni mtu wa Bungoma, Bungoma yeye ni mtu wa Kitale. Hali ilipotulia wakarudi shambani, kwa sababu hata penye hatari ni afadhali kuliko pasipo na jina.

Mwaka 2007 vijana wenye silaha wa Mlima Elgon walianza kushuka hadi pande zetu, na baada ya uchaguzi wa Desemba nchi nzima ikawaka. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Tuliondoka usiku, tukalala Showground ya Kitale, pale pale ambapo miaka mingine tulikuwa tunapelekwa kuona ng'ombe wa maonyesho.

Hema letu lilikuwa la plastiki. Nakumbuka sauti ya mvua juu yake, na jinsi asubuhi ndani kulivyokuwa na joto la kukosesha pumzi na usiku baridi ya kukufanya ulale umevaa viatu. Kwa mara ya kwanza nilijua jambo ambalo Nyanya alilijua kila siku ya maisha yake kwa Kitale: plastiki haizuii baridi, inazuia tu maji, na hata hayo si yote.

Wiki ya pili alikuja. Sijui alitutafutaje katika watu wote wale. Alikuja na mzigo wa kuni kichwani, akautua mbele ya hema, akaketi. Mama akatafuta cha kumpa. Tulikuwa na kikombe kimoja cha plastiki kilichotoka kwa watu wa msaada. Akamimina chai, akampa. Nyanya akanywa nusu, akamrudishia, na mama akanywa iliyobaki. Hawakusema lolote la maana. Waliongea habari za bei ya unga.

Kilichonishangaza, na nilikuwa mtoto tu, ni hiki. Sisi tulikuwa na kadi. Tulihesabiwa asubuhi. Watu wenye makoti walikuja na fomu. Tulikuwa na jina: wakimbizi wa ndani. Mwezi Mei serikali ilipoanzisha Operesheni Rudi Nyumbani, kila familia iliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na waliochomewa nyumba 25,000 za kujenga. Zilichelewa, kwa wengine hazikufika, lakini ahadi ilikuwepo, na unaweza kudai ahadi. Mwaka 2012 Bunge likapitisha hata sheria maalum ya kuwalinda waliohamishwa ndani ya nchi.

Nyanya naye alihamishwa. Alifukuzwa na bunduki, kama sisi. Alipoteza mali yake yote, kama sisi. Alilala chini ya plastiki Kitale, kama sisi, ila yeye tangu kabla mama yangu hajaolewa. Hakuna aliyemhesabu asubuhi. Jina lake lilikuwa "hawa watu wa Kipsongo".

Tofauti ilikuwa nini? Nimeitafuta kwa miaka. Nadhani ni hii: sisi tulikuwa na mahali pa kurudishwa. Serikali inamwelewa mtu ambaye shida yake inaweza kumalizwa kwa lori la kumrudisha. Asiye na pa kurudi hana fomu. Na hili halikuanza juzi. Sheria ya uzururaji ya wakoloni ilikuwa na dawa moja kwa mtu aliyekutwa mjini bila kazi wala makao: arudishwe kwao. Tuliifuta sheria hiyo mwaka 1997 tu, na hata baada ya kuifuta vitabuni, imebaki vinywani. Mwulize askari wa kanjo. Au muulize papa kabla ya 2008.

Ungetarajia niseme kwamba tuliporudi shambani tulikuwa tumebadilika. Tulirudi. Tukapanda mahindi. Nyanya akaja na trekta kama kawaida. Na siku ile ya kwanza mchana, mama akaenda kwenye ukingo wa ghala, akakisuuza kile kikombe cheupe, akamwekea chai humo. Mimi niliona. Nilikuwa nimeona kikombe cha Showground na nikaona hiki. Sikusema kitu. Nilikuwa na miaka kumi na moja kufikia wakati huo, lakini miaka kumi na moja inatosha kujua.

Ndiyo maana siamini sana wanaosema mateso hufundisha. Mateso hukuonyesha. Kujifunza ni kazi nyingine.

Sasa, kuna pingamizi ambalo si la kupuuzwa, na nimelisikia kutoka kwa marafiki wasio na roho mbaya. Wanasema: ukisema kila aliyekaa mahali muda mrefu ni mwenyeji, umefungua mlango wa kila mtu kujenga kwenye hifadhi ya barabara. Mabwanyenye watawatanguliza maskini, kisha wachukue ploti. Na je, wale waliokuwepo kabla ya wote? Kila mgeni akiwa mwenyeji, mwenyeji atakuwa nani?

Hilo la mwisho ndilo zito. Tazama Mlima Elgon. Mradi wa makazi wa Chepyuk ulianza mwaka 1971 kuwapa ardhi watu waliohamishwa kutoka Chepkitale, juu mlimani. Ukaja na awamu, na kila awamu ikaleta ubishi wa nani alikuwepo kwanza na nani aliingia kwa mlango wa nyuma. Ubishi huo ndio uliozaa wale vijana wenye silaha. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba kundi lao liliua zaidi ya watu 600, na jeshi lilipoingia Machi 2008 likaongeza mateso yake juu ya wanakijiji. Kwa hiyo najua "nani alitangulia" si swali la kijinga. Watu wananyang'anywa kweli, na mnyang'anywa ana haki ya kukumbuka.

Lakini angalia pia kilichotokea pale swali hilo lilipofanywa kuwa swali pekee. Lilikosa mwisho. Kila aliyetangulia alikuwa na aliyemtangulia. Tukiendelea kurudi nyuma hivyo, wote Kitale tutarudishana hadi mji ubaki na mawe ya ule mduara kwenye Klabu ya Kitale, ambapo masimulizi ya mji yanasema watumwa walifungwa misafara ilipopita. Kambi ya kwanza ya mji wetu, kwa masimulizi hayo, ilikuwa ya watu waliotolewa kwao kwa minyororo. Tungeanza kuuliza "kwenu haswa" kuanzia kwa nani?

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliandika mwaka 1795 kwamba kila binadamu ana haki ya kutotendewa kama adui anapofika kwenye ardhi ya mwingine, kwa kuwa dunia ni duara na hatuwezi kutawanyika juu yake bila mwisho; lazima tuvumiliane. Lakini alikuwa mwangalifu: hiyo ni haki ya kutembelea, si haki ya kukaa. Nilipoisoma chuoni nilifikiria kuka. Kant aliishia siku ya pili. Methali inaendelea hadi ya tatu.

Na cha ajabu, sheria yetu imeanza kuisogelea. Kwenye ardhi ya mtu binafsi, sheria ya Kenya inasema ukikaa miaka 12 waziwazi, bila ruhusa na bila mwenyewe kukuondoa, unaweza kuidai mahakamani. Kwenye ardhi ya umma huwezi, hata ukikaa mia. Lakini Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa na usafi wa kiwango cha kuridhisha. Januari 2021, katika kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, waliobomolewa nyumba Novemba 2011, Mahakama ya Juu ilisema kwamba watu wasio na ardhi wakikalia ardhi ya umma na kuifanya makao yao, hawapati hati ya kumiliki, ila wanapata haki ya makazi inayostahili kulindwa. Na tangu 2016, sheria inadai ilani ya miezi mitatu kabla ya kuwaondoa watu kwenye ardhi ya umma.

Hii inajibu pingamizi la ploti. Kuacha kuwa mgeni hakumaanishi kupewa hati. Kuna nafasi kubwa kati ya hati na kufukuzwa, na maisha mengi ya heshima yanaweza kuishi humo. Mwaka 2001 Baraza la Manispaa la Kitale na shirika lililoitwa ITDG, leo Practical Action, walianza mradi katika Kipsongo, Tuwan na Shimo la Tewa ambapo wakazi walikaa na maafisa kupanga mitaa yao: maji, vyoo, njia za kupita. Mradi haukuondoa umaskini. Lakini hapo, kwa mara moja, swali lililoulizwa lilikuwa "mnahitaji nini hapa?" Nani aliyetoka wapi hakikuwa kikwazo cha kuchimba choo.

Nyanya alifariki nikiwa nimemaliza sekondari. Watu wake wa Kipsongo walituma kijana kutuambia. Kulikuwa na mkutano wa mchango chini ya mti, na swali likawa lile lile: azikwe wapi? Kenya, swali la kaburi ni zito kuliko la nyumba. Wakili S.M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake na ukoo wake walipelekana mahakamani kwa miezi mitano, na hoja iliyoshinda ni kwamba mtu anaweza kuwa na nyumba mjini, lakini nyumbani ni kwa wazee wake. Akazikwa Nyalgunga, Siaya. Nyanya naye, kwa hoja hiyo, alipaswa kurudi kaskazini, karibu kilomita 300 hadi Lodwar na mbele zaidi. Gari la kukodi lilikuwa ghali kuliko vibarua vyake vya miaka kadhaa. Na huko mbele hakuna aliyebaki anayejua boma la wazazi wake lilisimama wapi. Boma la mfugaji huhama.

Mtu mmoja aliyekuwa anaandika majina ya wachangiaji, mtu wa mji, si wa Kipsongo, akasema kwa upole tu, "Sasa kwao haswa ni wapi?"

Papa alikuwa ameketi kwenye jiwe, amevua kofia. Huyu ndiye aliyesema watarudi mvua ikinyesha. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Huyu amelima hapa kuliko mimi. Andika Kitale."

Alizikwa kwenye makaburi ya umma ya mji. Tulikuja na majembe yetu kutoka nyumbani, mimi, papa na kakangu, tukachimba kwa zamu na vijana wa Kipsongo. Tulichelewa, na sitaki kuipamba siku ile. Kuchimbia mtu kaburi ni fungu dogo sana ukilinganisha na kikombe alichonyimwa akiwa hai.

Mama alikuja na kile kikombe cheupe kwenye mkoba. Sikujua alitaka kukifanyia nini, na nadhani naye hakujua. Alirudi nacho. Sasa kiko jikoni, kwenye kabati pamoja na vingine. Mgeni yeyote anaweza kupewa chai humo.

Hapa Bungoma, nikitoka kazini jioni, kuna vijana wanaolala kwenye veranda ya duka moja lililofungwa. Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 nchi nzima. Hawa wangu ni sita au saba, hutegemea siku. Mmoja hubeba magunia sokoni tangu alfajiri. Anajua kila mwenye duka kwa jina. Wiki iliyopita tulipiga stori na nikasikia mdomo wangu ukijiandaa kuuliza. Nilikuwa nimeshafungua kinywa.

Nikamuuliza badala yake amekuwa hapa mjini miaka mingapi. "Saba," akasema, akashangaa mtu kutaka kujua.

Saba. Siku ya tatu ilipita zamani.